Nahodha Aliyengojewa Miaka Thelathini na Miwili

Wako ndugu watakaostaajabu kuona ukurasa huu, ambao desturi yake ni kushughulika na mishahara, bei za mazao na mwenendo wa serikali, leo unatoa nafasi yake kwa habari za mchezo, tena mchezo wenyewe ni kriketi. Twawaelewa. Katika miji ya Afrika Mashariki kriketi iliingia pamoja na bendera ya Mwingereza. Ilichezwa kwenye viwanja vyenye nyasi zilizopunguzwa vizuri, na Mwafrika aliyeonekana humo mara nyingi alikuwa ndiye aliyezipunguza. Walioushika mchezo huo na kuudumisha ni hasa ndugu zetu wenye asili ya Bara Hindi, na wengi wetu tulibaki na mpira wa miguu. Katika shule ya misheni tuliyosomea sisi lilikuwako gongo moja la kriketi, lililoachwa na padri wa zamani, na kazi yake ilikuwa kuzuia mlango wa ghala usibamizwe na upepo.

Basi hatuandiki kama mafundi wa mchezo. Tunaandika kwa sababu ipo safari moja ya timu ya kriketi, iliyoanza mwezi wa Oktoba mwaka 1960 na kwisha Februari 1961, ambayo ndani yake swali kubwa la karne iliyopita liliulizwa na kujibiwa mbele ya macho ya watu: je, mtu mweusi aweza kuwaongoza wenzake bila ya Mzungu kusimama mbele yake? Timu hiyo ni ile ya West Indies, yaani ya visiwa vya Karibiani pamoja na Guyana iliyo katika bara la Amerika ya Kusini. Nchi waliyoiendea ni Australia.

Tueleze mchezo kwa maneno machache, kwa faida ya wale ambao hawajapata kuuona. Timu mbili za watu kumi na mmoja hupokezana kupiga. Mrushaji hurusha mpira mgumu wa ngozi, naye mpigaji hulinda kwa gongo lake vijiti vitatu vilivyosimamishwa nyuma yake, viitwavyo wiketi. Akiupiga mpira mbali, yeye na mwenzake hukimbia kubadilishana ncha mbili za uwanja, na kila kubadilishana ni mkimbio mmoja. Vijiti vikipigwa, au mpira ukidakwa kabla haujagusa chini, au mkimbiaji asipowahi kufika, mpigaji hutoka. Wakitoka kumi, zamu imekwisha. Mechi kubwa kati ya mataifa huitwa Testi, nayo kwa kawaida huchukua siku tano, kila timu ikipiga mara mbili. Anayepanga wapigaji, anayechagua mrushaji, anayewahamisha wenzake uwanjani huku na huku saa baada ya saa, ni nahodha. Katika mpira wa miguu nahodha huvaa kitambaa mkononi; katika kriketi yeye ndiye serikali.

West Indies walicheza Testi yao ya kwanza mwaka 1928 katika uwanja wa Lord's, London. Tangu siku hiyo walioijengea timu jina walikuwa wengi wao watu weusi: Learie Constantine wa Trinidad, mjukuu wa watumwa, ambaye aliweza kurusha, kupiga na kudaka kwa namna iliyowafanya Waingereza wa miji ya viwanda vya nguo wamlipe fedha nyingi kuja kuwachezea, George Headley wa Jamaica, ambaye kwa miaka mingi aliibeba timu nzima kwa gongo lake peke yake. Lakini unahodha haukuwa wao. Unahodha ulikuwa wa Mzungu wa visiwani, au wa mtu mwenye weupe wa kutosha, aliyetoka katika jamaa za watu wenye nafasi. Headley alipewa mechi moja tu, Januari 1948 katika Barbados, dhidi ya Uingereza. Baada ya hapo kiti kilirudi kwa wenyewe.

Hapakuwako sheria iliyoandikwa. Mambo ya namna hii hayahitaji sheria. Inatosha kuwako kamati, na wanakamati waliosoma shule moja na wanaokutana katika klabu moja, wakubaliane kwa kutazamana tu kwamba fulani ana tabia za uongozi na fulani hana. Baada ya vita vya pili vya dunia waliinuka katika Barbados vijana watatu, Frank Worrell, Everton Weekes na Clyde Walcott, waliozaliwa karibu karibu na uwanja wa Kensington, Bridgetown, katika muda wa miezi kumi na minane. Mwaka 1950 walikwenda Uingereza, na West Indies wakawashinda Waingereza nyumbani kwao kwa mechi tatu dhidi ya moja. Huko Nottingham Worrell peke yake alipata mikimbio 261 katika zamu moja. Dunia nzima ya kriketi iliwajua watatu hao. Hata hivyo mwaka 1955, nahodha wa wakati ule alipoumia na ikapasa atafutwe mwingine wa kuwakabili Waaustralia, aliyepewa kazi ni Denis Atkinson, Mzungu wa Barbados. Atkinson alikuwa mchezaji hodari, wala hatumvunjii heshima. Katika mfululizo huo alipata mikimbio 219 katika zamu moja. Lakini hakuna aliyeweza kusema kwa moyo safi kwamba alikuwa akijua mchezo kuliko Worrell, au Weekes, au Walcott.

Huyu Worrell ndiye tunayemtaka. Alizaliwa tarehe 1 Agosti 1924. Alikuwa mtu mtaratibu, msemaji wa maneno machache, mwenye kupiga mpira kwa ulaini hata watazamaji wakasahau kwamba ni kazi. Wakuu wa kriketi hawakumpenda sana alipokuwa kijana, kwa kuwa aliwahi kuvutana nao juu ya malipo ya safari ya India ya mwaka 1948, na safari hiyo ilikwenda bila yeye. Msomaji mfanyakazi ataielewa habari hii upesi. Worrell alikwenda zake Lancashire, Uingereza, akawa mchezaji wa kulipwa katika mji mdogo wa Radcliffe, huku akisoma katika Chuo Kikuu cha Manchester. Alipokwenda India na timu ya mchanganyiko ya Jumuiya ya Madola, nahodha wao Mwingereza alipougua, Worrell alishika mahali pake akawaongoza Waingereza na Waaustralia waliokuwamo, nao wakamfuata bila ya manung'uniko. Kwa hiyo wageni walikwisha kumwona kuwa kiongozi. Waliosalia kumwona ni watu wa kwao.

Hapa ndipo inapoingia habari inayotuhusu sisi tulio katika kazi ya kuhariri gazeti la chama. Mwaka 1958 alirudi Trinidad, baada ya kukaa ng'ambo miaka ishirini na sita, mtu aitwaye C.L.R. James, mwandishi, mwanahistoria na mpiganaji wa siasa. Wazee wetu wa Kenya walimjua: mwaka 1937 alikuwa London pamoja na George Padmore na Jomo Kenyatta katika chama cha kutetea haki za Waafrika; na mwaka 1969, alipotoa upya kitabu chake cha historia ya mapambano ya Waafrika, aliongeza sehemu yenye kulisifu Azimio la Arusha. Mwaka ule wa 1958 alipewa uhariri wa The Nation, gazeti la People's National Movement, chama cha Eric Williams kilichokuwa kikiiongoza Trinidad kuelekea uhuru. James alikuwa amecheza kriketi tangu utotoni. Hakuona sababu ya kuuacha mchezo nje ya mlango wa gazeti la siasa.

Tarehe 30 Januari 1960, Uingereza wakicheza Port of Spain mbele ya watu wapatao elfu thelathini, kijana mmoja wa Trinidad alitolewa kwa uamuzi wa refa, na watu wakaanza kutupa chupa uwanjani hata mchezo ukavunjika kwa siku ile. Magazeti mengine yaliona ulevi na utovu wa adabu. James alieleza kwamba hasira ile ilikuwa na mizizi mirefu kuliko uamuzi mmoja wa refa: watu walikuwa wamechoka kuona mambo yao yakiendeshwa na wale wale. Akaanza kudai katika gazeti la chama, juma kwa juma, kwamba nahodha wa siku zile, Gerry Alexander, hana budi kuondoka, na Frank Worrell awekwe mahali pake kwa safari ya Australia.

Alexander alikuwa Mjamaika mwenye weupe, msomi wa Cambridge, mdakaji wa nyuma ya wiketi. Hakuwa mtu mbaya, na James mwenyewe alikiri hivyo. Tulipokuwa tukisoma habari hizi tulijiuliza: kama sisi tungalikuwa kwenye meza ile, tungaliliandika jina la mtu mmoja kwa herufi kubwa na kusema aondoke, na hali hajatenda kosa ila la kukalia kiti alichopewa? Ni jambo zito. Mhariri wa gazeti la chama ana silaha ambayo mtu anayeandikwa hana, na tumepata kuona silaha hiyo ikitumiwa kwa visa. Lakini kusema kwamba mfumo ni mbaya, bila kusema ni nani aliyekaa na nani aliyenyimwa, ni kusema na upepo. Twadhani tungaliandika. Twadhani pia usingizi wa usiku ule usingalikuwa mzuri. Worrell akateuliwa. Yeye James hakudumu. Mwaka ule ule wa 1960 aliuacha uhariri, akafarakana na Williams, na mwaka 1965 aliporudi Trinidad kuandika habari za kriketi, serikali ya chama alichokitumikia ilimfungia nyumbani mwake.

Wala wanaharakati wa Karibiani hawakuwa na sauti moja katika mambo yote. Mwaka 1959 ulikuwako mpango wa Worrell kuipeleka timu Afrika ya Kusini ikacheze na timu za watu weusi na machotara tu. James aliunga mkono, akisema waacheni wachezaji waliofungiwa waonekane na dunia. Constantine alipinga, akisema kwenda huko ni kuikubali sheria ya ubaguzi kwa miguu yako. Safari ikavunjwa. Sisi tungalisimama na Constantine, ingawa hoja ya mwenzake haikuwa ya kipumbavu. Makaburu wenyewe walikuwa wakicheza Testi na Uingereza, Australia na New Zealand tu. Na West Indies hawakukutana nao katika Testi hata mara moja mpaka mwaka 1992.

Na Australia yenyewe je? Nchi hiyo tangu mwaka 1901 ilikuwa na sheria ya kuwazuia watu wasio weupe wasihamie kwake, na siasa hiyo haikuondolewa kabisa ila mwaka 1973. Wenyeji wa asili wa nchi hawakuhesabiwa katika sensa ya taifa mpaka baada ya kura ya maoni ya mwaka 1967. Katika Queensland, jimbo ambalo Brisbane ni mji wake mkuu, sheria zilizoitwa za ulinzi ziliwaamulia wakae wapi na wafanye kazi gani. Jambo la ajabu ni kwamba timu ya kwanza ya kriketi kutoka Australia kuzuru Uingereza, mwaka 1868, ilikuwa ya wenyeji hao hao. Katika nchi ya namna hiyo ndimo Worrell alimoingia na vijana wake, yeye akiwa na miaka 36, Alexander akiwa msaidizi wake.

Tuwatazame waliofuatana naye. Garfield Sobers wa Barbados, ambaye baba yake, baharia, alikufa baharini wakati wa vita, mtoto akiwa na miaka mitano. Wesley Hall wa Barbados pia, mrushaji mwenye mbio ndefu za kutisha. Rohan Kanhai na Joe Solomon, Waguyana wenye asili ya Kihindi kutoka Port Mourant, shamba la miwa ambalo pia lilimzaa Cheddi Jagan, mwana wa wakata miwa aliyekuja kuwa kiongozi wa nchi yake. Alfred Valentine wa Jamaica, Sonny Ramadhin wa Trinidad, Lance Gibbs wa Guyana. Wakati wa safari hiyo visiwa vilikuwa vimeungana katika shirikisho lililozinduliwa mwezi Januari 1958, na watu wengi walitumaini kwamba hapo ndipo taifa lao linapozaliwa. Mechi za mwanzo na timu za majimbo hazikuwaletea sifa. Wako waliosema kwamba hii ni timu ya watu wenye vipaji lakini wasio na utulivu wa moyo, nao watavunjika mambo yatakapokuwa magumu. Maneno haya tuliyapata kuyasikia huku kwetu pia, nayo hayakuhusu kriketi.

Mambo yalikuwa magumu tarehe 14 Desemba 1960, siku ya tano ya Testi ya kwanza, Brisbane. West Indies walikuwa wamepata mikimbio 453 katika zamu yao ya kwanza, Sobers akipiga 132. Waaustralia wakajibu kwa 505. West Indies wakaongeza 284. Australia walitakiwa wapate 233 ili washinde, na siku ilikuwa haijatosha sana. Hall aliwavunja mapema, wakawa 92 na sita wametoka. Kisha Alan Davidson na nahodha Richie Benaud wakasimama pamoja wakaongeza 134. Ilibaki mikimbio saba tu ndipo Solomon, yule kijana wa shamba la miwa, alipourusha mpira toka mbali ukagonga kijiti, Davidson akatoka.

Saa kumi na mbili kasoro dakika nne jioni Hall alipewa ova ya mwisho. Siku zile katika Australia ova moja ilikuwa na mipira minane. Ilitakiwa mikimbio sita. Wakitoka watatu zaidi, zamu ingekwisha. Mpira wa kwanza ulimgonga Grout, wakakimbia mmoja. Wa pili Benaud aliupiga juu kidogo, Alexander akaudaka. Wa tatu haukuzaa kitu. Wa nne wakaiba mkimbio bila hata gongo kuugusa mpira. Wa tano Grout aliuinua hewani, Kanhai akiwa amesimama chini yake ameshatengeneza mikono, mara Hall kwa hamu yake akaja mbio kutoka mahali pake, akaurukia, ukamponyoka. Mkimbio mwingine. Mtu aliyesoma tabia za wanadamu atajua kwamba hapa ndipo timu hugawanyika, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa jicho la lawama. Worrell hakupandisha sauti. Alimwendea Hall, akamwambia apumue na arudi kazini.

Mpira wa sita Meckiff aliupeleka mbali upande wa kushoto. Wakakimbia mara mbili, hesabu zikawa sawa. Walipogeuka kwa mara ya tatu, ambayo ingekuwa ya ushindi, Conrad Hunte alikuwa ameuokota karibu kabisa na mpaka wa uwanja, akaurusha ukafika mikononi mwa Alexander, naye akaiangusha wiketi Grout akiwa amejitupa kifudifudi mavumbini. Ikabaki mipira miwili na mtu wa mwisho, Lindsay Kline. Kabla ya hapo, hadithi ambayo Hall amependa kuisimulia mara nyingi yasema kwamba Worrell alimnong'oneza asithubutu kuvuka mstari akirusha, maana mkimbio wa bure wakati ule ungemfanya asiweze tena kukanyaga Barbados. Hall akaangalia mguu wake, akarusha. Kline akausukuma pembeni, Meckiff akatoka mbio, na Solomon, safari hii akiona kijiti kimoja tu kwa ubavu, akakigonga tena.

Mikimbio 737 kwa 737. Tangu Testi zianze kuchezwa mwaka 1877 jambo hilo halikuwa limepata kutokea, na tangu siku ile limetokea mara moja tu, Madras mwaka 1986. Baadhi ya wachezaji hawakujua nani ameshinda. Watu waliokuwa uwanjani walikuwa kama elfu nne tu. Waliobaki Brisbane walikuwa kazini, na wengi walikuja baadaye kudai kwamba walikuwako.

Testi ya pili, Melbourne, Waaustralia walishinda. Kofia ya Solomon ilimdondoka juu ya wiketi akahesabiwa ametoka, na watazamaji wakamzomea Benaud, nahodha wao wenyewe, kwa kuushikilia uamuzi huo ingawa ulikuwa halali. Ya tatu, Sydney, West Indies walishinda kwa mikimbio 222. Ya nne, Adelaide, Kanhai alipiga mia katika zamu zote mbili, Gibbs akawatoa watatu kwa mipira mitatu mfululizo, lakini Mackay na yule yule Kline, wawili wa mwisho, walisimama zaidi ya saa moja na nusu wakakataa kutoka, na mpira wa mwisho wa Hall Mackay akauacha umpige ubavuni kuliko kuhatarisha gongo lake. Sare. Hivyo mambo yote yakangojea Testi ya tano, Melbourne tena, ambako siku ya pili watu 90,800 waliingia uwanjani, hesabu ambayo haikuwa imefikiwa katika mechi yo yote ya kriketi mpaka siku hiyo. Australia wakashinda kwa wiketi mbili. Karibu na mwisho kipande kidogo cha mti kilichokaa juu ya vijiti vya Grout kilionekana kimeanguka, marefa wakaamua hakutoka, na mikimbio miwili ikahesabiwa. Timu nyingine zingezusha ugomvi. Worrell aliwaongoza vijana wake waendelee kucheza.

Kwa hiyo, kwa hesabu za kitabu, walishindwa: moja kwa mbili, sare moja, na moja isiyo na mshindi. Tunalisema wazi kwa sababu kuna tabia ya kuwapamba mashujaa wetu kwa ushindi ambao hawakuupata.

Tarehe 17 Februari 1961 wachezaji walipandishwa kwenye magari ya wazi kupita katika barabara za Melbourne kuagwa na wenyeji. Ilikuwa siku ya kazi. Makarani waliacha meza zao, wauza maduka wakatoka nje, karatasi zikamwagwa kutoka madirishani. Magazeti mengine yalikadiria watu laki mbili, mengine nusu milioni. Wachezaji wengine walilia. Sisi hatusemi kwamba siku hiyo ubaguzi ulikufa katika Australia. Sheria ya uhamiaji ilikuwapo asubuhi iliyofuata, na mwenyeji wa asili alibaki nje ya hesabu. Tena ni rahisi kumshangilia mtu mweusi ambaye tiketi yake ya kurudi kwao iko mfukoni. Lakini maelfu wale hawakulazimishwa na mtu, nao walikuwa wamemwona kwa macho yao, katika Testi tano, nahodha mweusi akiamuru na kutiiwa, hesabu zikiwa sawa na jua likizama, bila kubabaika.

Na Alexander? Mtu aliyevuliwa unahodha kwa kelele za gazeti, akapelekwa safari ile ile chini ya aliyempokonya kiti, angeweza kucheza kwa moyo nusu, na nani angemlaumu? Alipata mikimbio 484 katika Testi tano, wastani wa 60, juu ya Sobers, juu ya Kanhai, juu ya Worrell mwenyewe. Huko Sydney alipiga mia. Ndiye aliyeiangusha wiketi ya Grout jioni ile ya Brisbane. Baada ya safari hiyo hakucheza Testi tena. Katika habari zote tulizosoma juu ya safari hii, ni yeye anayetufanya tusimame na kufikiri kwa muda mrefu kuliko wote, na twajua kwamba mhariri wa The Nation pia alimwandikia maneno ya heshima.

Worrell aliongoza timu miaka miwili zaidi. Mwaka 1962, nahodha wa India, Nari Contractor, alipopigwa na mpira kichwani huko Barbados akawa karibu kufa, Worrell alikuwa miongoni mwa waliomtolea damu. Mwaka ule ule, tarehe 31 Mei, lile shirikisho la visiwa lilivunjika, kila kisiwa kikashika njia yake. Timu ya kriketi ikabaki karibu peke yake kuwa kitu ambacho Mjamaika na Mtrinidad wanakiita chetu. Sisi ambao jumuiya yetu ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 hatuna haki ya kuwacheka. Mwaka 1963 aliwashinda Waingereza nyumbani kwao kwa mechi tatu dhidi ya moja, akastaafu. Alifariki tarehe 13 Machi 1967 kwa saratani ya damu, akiwa na miaka 42, na ibada ya kumkumbuka ilifanywa katika Westminster Abbey, London.

Waaustralia walitengeneza kombe wakaliita kwa jina lake, na mpira uliotumika Brisbane ukatiwa juu yake. Fundi wake alikuwa Ernie McCormick, sonara aliyewahi kuichezea Australia. Tangu wakati ule timu hizo mbili hugombea kombe hilo. Januari 2024 West Indies walikuja Brisbane hali hawajashinda Testi katika Australia tangu mwaka 1997, wakiwa na mrushaji kijana aitwaye Shamar Joseph, kutoka Baracara, kijiji cha Guyana kinachofikiwa kwa mashua kwa kufuata mto, ambaye kabla ya kucheza aliajiriwa kuwa mlinzi. Kidole cha mguu kilikuwa kimeumizwa siku iliyotangulia. Alirusha bila kupumzika, akawatoa saba, na West Indies wakashinda kwa mikimbio minane. Kombe lenyewe halikuondoka Australia, kwa kuwa mfululizo ulikwisha moja kwa moja, na kwa desturi yao aliyelishika hulibakiza.